Juu ya Paa, Buluk

Jumanne, 12 Machi 2024

Ramadhani imenikuta Juba. Nimekula daku, nikaswali, nikapanda paa la ghorofa hili la Buluk giza likiwa halijatoka vizuri, maana ikishapiga saa nne bati haligusiki. Upande wa makao makuu ya polisi raksha zimeshaanza kupita.

Linki ni tatu kwenye mlingoti mmoja wa bomba: moja inaangalia Munuki, kwenye shule, moja Gudele, kwenye zahanati, moja Kator, kwenye ghala la mfanyabiashara wa unga. Zote za gigahezi 5. Wateja wanalalamika kwa sauti moja: mchana afadhali, jua likizama intaneti ni ya kusukuma. Aliyefunga ameshahama mji, na karatasi hakuacha hata moja.

Nimeanza na Gudele kwa kuwa ndiyo ndefu, kama kilomita 5. Inapokea -57 dBm. Mtu mwenye haraka angeshuka hapo hapo na kuandika kwamba linki ni nzima. Nikatazama upande wa pili wa hesabu: kelele iko -72. Kwa chaneli ya upana wa megahezi 40, redio iliyo mahali patulivu huona kelele karibu na -92. Kwa hiyo hewani kuna desibeli 20 za uchafu, na kati ya mawimbi na uchafu zimebaki 15 tu. Redio za aina hii zikitaka kukimbia kwa kasi yake ya juu zinahitaji karibu 30.

Mtu wa zahanati ananiambia taa zote nne za redio zinawaka. Ni kweli zinawaka. Taa zinapima nguvu ya mawimbi, hazipimi usafi wake, na hilo ndilo linalomfanya aone tunamdanganya.

Jumatano, 13 Machi

Dogo amenisaidia leo. Amekulia Kakuma, Kiswahili chake ni cha huko na cha Nairobi, na mimi ananiita mwalimu ingawa sijawahi kushika chaki.

“Mwalimu, si tuongeze tu pawa, tumalize hii maneno?”

Nusu ya matatizo ya paa za Juba yametokana na jibu hilo. Ni kama vigodoro viwili mtaa mmoja: huyu akifungulia spika na yule anafungulia, mwisho wake hakuna anayecheza wimbo wake. Ukiongeza nguvu huku, jirani anaona linki yake imezidi kuharibika, naye anaongeza. Wiki moja baadaye uko pale pale ulipokuwa, ila kelele ya mtaa mzima imepanda.

Nikamwonyesha hesabu kwenye kifuniko cha boksi. Redio yetu inatoa 25 dBm, na redio iliyo pembeni yake inasikiliza wimbi la -57. Tofauti ni desibeli 82, yaani zaidi ya mara milioni 150. Kati ya hizo mbili pana umbali usiofika mita. Kwa masafa ya 5.8, mita ya kwanza hupunguza desibeli kama 48. Zinazobaki ni kazi ya umbo la antena na vichujio vya ndani, na vichujio vya redio za bei hii huvuja. Kinachovuja kutoka kwa redio ya Munuki kinaingia moja kwa moja sikioni mwa redio ya Gudele.

Nilipofungua mipangilio nikaelewa zaidi. Munuki imewekwa 5735 hadi 5775. Gudele 5775 hadi 5815. Kator 5815 hadi 5835. Kwenye karatasi hazipandani hata kwa megahezi moja, na nadhani aliyezipanga alijivunia. Mlingotini zinaumizana mchana kutwa.

Tukazima Munuki kwa dakika chache, shule ikiwa kwenye mapumziko. Kelele ya Gudele ikashuka kutoka -72 hadi -79. Tukazima na Kator, -81. Sehemu kubwa ya adui ni sisi wenyewe. Iliyobaki inatoka nje.

Dogo akauliza kuhusu miembe iliyo njiani kuelekea Munuki. Swali zuri. Katikati ya linki ya kilomita 2 mawimbi yanahitaji nafasi yenye nusu-kipenyo cha mita 5 hivi, na angalau asilimia 60 ya nafasi hiyo iwe wazi. Mwembe ukiingia humo unakula mawimbi, lakini hauongezi kelele. Ukiona mawimbi yameshuka na kelele haijabadilika, tafuta mti au jengo jipya. Ukiona mawimbi yako palepale na kelele imepanda, tafuta mtu.

Ijumaa, 15 Machi

Nimeshinda na kumbukumbu za redio, chini, penye feni. Redio ya Gudele inasema kelele hupanda kila jioni saa kumi na mbili na nusu hivi. Ya Kator inasema saa moja na nusu. Dogo akahitimisha kwamba kuna watu wawili wanaotusumbua kwa zamu.

Yuko mmoja. Sudan Kusini ilirudisha saa nyuma kwa saa moja tarehe 1 Februari 2021, na redio ya Kator ina programu ya zamani inayoishi bado na majira ya Nairobi. Nikazipeleka zote kwenye saa ya dunia, mistari ikalingana. Kelele inaanza dakika zile zile kwenye redio zote tatu, na inakatika usiku wa manane.

Kitu kinachowaka magharibi na kuzimwa usiku wa manane, kwa mji huu, kinafuata jenereta.

Jumamosi, 16 Machi

Serikali imetangaza kwamba shule zote zifungwe kuanzia Jumatatu kwa sababu ya joto. Linatarajiwa kufika nyuzi 45, na shule itakayokutwa wazi itafutiwa usajili. Mlinzi wa jengo, mzee wa Kibari, alisikiliza redio yake mpaka mwisho akatikisa kichwa. Kwetu ina maana linki ya Munuki itakuwa huru mchana kutwa. Nisingependa kupata nafasi kwa njia hii.

Jumatatu, 18 Machi

Tumeanza kazi kabla ya mapambazuko, tumeshuka kabla ya saa nne. Saumu na joto hili kwa pamoja si jambo la kujaribu. Nimekunywa maji mengi daku na bado midomo imepasuka.

Kwanza tumetenganisha antena. Zilikuwa zimepangwa ubavu kwa ubavu, zimekaribiana mno, na dishi huvuja pembeni. Gudele tumeipeleka kileleni, Kator tumeishusha mita kadhaa chini yake kwenye mlingoti huo huo. Munuki tumeiondoa kabisa. Iko kona ya pili ya paa kwenye bomba lake, na kati yake na wenzake yamekaa matangi ya maji yaliyojaa. Maji ni kizuizi kizuri sana cha gigahezi 5, na hapa tumekipata bure.

Pili, tumepunguza upana. Zote sasa ni megahezi 20. Dogo hakupenda: “Si utakuwa umekata barabara nusu?” Nimekata, ndiyo. Lakini chaneli ya nusu ya upana inapokea nusu ya kelele, desibeli 3 umezipata bila gharama, na nguvu ile ile inabanwa mahali padogo kwa hiyo kila megahezi inabeba zaidi. Barabara pana iliyojaa mashimo haiwafikishi watu wa zahanati kokote. Kubwa zaidi, sasa kuna nafasi ya kuachana. Kutoka 5725 hadi 5850 ni megahezi 125; kwa vipande vya 40 unapata vitatu tu vilivyobanana, kwa vya 20 unapata sita, na unaweza kuacha pengo.

Nimeweka Gudele 5745 na Munuki 5825. Hizi mbili zinaangalia karibu upande mmoja wa mji, magharibi, kwa hiyo nimeziachanisha kadiri nilivyoweza. Kator imeipa mgongo Gudele. Nayo nitaipa baadaye 5745 hiyo hiyo, nikishapata muda wa kuzisawazisha hizo mbili zipige na kunyamaza pamoja.

Kelele ya Gudele mchana: -88. Jioni ilipoingia, ikaruka hadi -76.

Jumanne, 19 Machi

Dogo amepiga skani na amefurahi. “Mwalimu, 5600 hapa ni safi kabisa, hakuna mtu!”

Nimemkatalia, na nimemweleza sababu ili asije akafanya hivyo siku nisipokuwepo. Kati ya 5600 na 5650 ndipo rada nyingi za hali ya hewa duniani zinapofanyia kazi. Mwaka 2009 kule San Juan, Puerto Rico, rada inayolinda ndege dhidi ya pepo za ghafla ilianza kuona mistari ya uongo kwenye kioo. Uchunguzi ukaonyesha ni redio za paani za gigahezi 5, aina hii hii tuliyoishika, ambazo kinga yake ya kutambua rada ilikuwa haifanyi kazi au imezimwa. Uwanja wa ndege wa Juba hauko mbali na paa hili. Ndege za misaada tunaziona zikishusha magurudumu. Skani inakuonyesha wanaopiga kelele kwa lugha unayoielewa. Rada haiorodheshwi humo.

Alhamisi, 21 Machi

Nimempata mwenye jenereta. Ghorofa la pili kutoka kwetu lina dishi jipya linaloelekea hoteli, na fundi wake ni mtu wa Gulu. Nilimngoja baada ya futari kwa mama wa chai aliye chini ya mwarobaini. Sikuanza na lawama. Nilimuuliza habari za nyumbani, na kama mvua zimeanza kwao. Kiswahili chake anakifasiri kwanza kichwani, lakini kinafika.

Linki yake ina urefu wa mita 600. Ameiweka megahezi 80, katikati 5775, yaani 5735 hadi 5815. Karibu theluthi mbili za masafa yote yaliyopo. Nguvu 27 dBm. Nilimwomba anionyeshe anapokea ngapi: -31.

“Si ni nzuri, mzee?”

Nikamwambia ni nzuri kupita kiasi. Redio iliyoshiba hivyo inaanza kuchafua mawimbi yake yenyewe, kwa sababu kipokezi kinazidiwa. Hoteli inalipia megabiti 50. Kwa mita 600, chaneli ya 40 ingempa mara kadhaa ya hizo. Akishusha nguvu kwa desibeli 20, yaani akitumia sehemu moja ya mia ya anayotumia sasa, bado atapokea -51, ambayo ni linki bora kuliko yetu ya Gudele.

Alinitazama kama mtu anayeuziwa ng'ombe kilema. Fundi gani anakuja kukuomba upunguze? Nami ningekuwa yeye ningeshuku. Kwa hiyo nikamwambia tujaribu papo hapo. Simu yake inaingia kwenye redio. Akashusha hadi 7 dBm, akapiga jaribio la kasi. Ikapanda kidogo. Akanyamaza, akaagiza chai nyingine na kunilipia ya kwangu.

Mtengenezaji ndiye aliyemponza. Redio inatoka kiwandani ikiwa imewekwa nguvu yote na upana wote, ili mnunuzi akiwasha aone namba kubwa. Hakuna kiwanda kinachojua kwamba Buluk kuna jirani.

Jumamosi, 23 Machi

Joto limenilaza ndani. Naandika ya kufikiri.

Huyu wa Gulu amenikumbusha mradi wa BOSCO wa Jimbo Kuu Katoliki la Gulu, ambao kuanzia mwaka 2007 ulipeleka Wi-Fi ya masafa marefu na kompyuta za sola kwenye kambi za waliohamishwa na vita kaskazini mwa Uganda. Anasema akiwa kijana alijifunzia barua pepe kwenye kituo kimojawapo. Enzi hizo hewa ya huko ilikuwa tupu. Ukishaona mlingoti wa pili, kazi imekwisha. Juba nayo ilikuwa ya setilaiti, kila ofisi na sahani yake inaangalia juu na haimgusi jirani. Mambo yaligeuka mwaka 2020 kebo ya nyuzi ilipoingia kutoka mpaka wa Nimule. Bei ikashuka, wateja wakaongezeka, na kwa kuwa kuchimba mitaro ya mtaa kwa mtaa ni ghali, kilomita ya mwisho ikapandishwa paani. Kadiri intaneti ya Juba inavyokuwa nzuri chini ya ardhi ndivyo inavyosongamana hewani.

Na masafa haya hayana mwenyewe. Mwaka 1985 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliruhusu vifaa visivyo na leseni kutumia vipande vitatu vilivyokuwa vimeachiwa viwanda, maabara na tiba: 902 hadi 928, 2400 hadi 2483.5, na hiki chetu cha 5725 hadi 5850. Majiko ya maikrowevu yamo kwenye hicho cha pili. Nchi nyingi zikafuata kwa namna zake. Sharti lilikuwa, na limebaki, kwamba kifaa kisicho na leseni kivumilie usumbufu kinaoupata. Ukitaka masafa yako peke yako, hapa unaomba kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Taifa na unalipia. Benki inaweza. Zahanati ya Gudele haiwezi.

Kwa hiyo sheria haitanisaidia kumzuia mtu wa Gulu, wala yeye kunizuia mimi. Kilichotusaidia ni chai. Sioni aibu kuliandika hilo kwenye daftari la ufundi, ingawa nikilitia kwenye ripoti mhasibu atauliza risiti.

Jumanne, 26 Machi

Amekubali kuhamia 5785 kwa upana wa 40, yaani 5765 hadi 5805. Sisi tuko 5735 hadi 5755 chini yake na 5815 hadi 5835 juu yake. Pengo la megahezi 10 kila upande. Nimempendekezea pia gigahezi 60 kwa ile hoteli: oksijeni ya hewani hula mawimbi hayo kama desibeli 15 kwa kilomita, kwa hiyo yanakufa kabla ya kumfikia mtu wa tatu. Ila mvua za Juba zikianza Aprili nazo zitakula za kwake. Anafikiria.

Leo nimefanya usawazishaji. Redio zetu zina kipokezi cha GPS ambacho hakikuwahi kuwashwa. Sasa Gudele na Kator zinapiga pamoja na kunyamaza pamoja, zote zikichukua saa kutoka kwenye setilaiti. Wakati mmoja anasikiliza, mwenzake wa mlingotini haongei. Zile desibeli 82 za kifuniko cha boksi hazina tena wa kumuumiza. Hapo ndipo Kator ilipohamia 5745, mgongo kwa mgongo na Gudele, kila moja ikiangalia kwake. Sharti lake: redio ziwe za familia moja, na mgawanyo wa muda wa kupakua na kupakia ufanane kwenye zote mbili. Kwa jirani mwenye redio za kampuni nyingine haifanyi kazi, kwake ni pengo na nguvu ndogo tu.

Jambo moja la pembeni. Kebo ya Munuki ilikuwa ikipoteza paketi hata redio ikiwa safi. Si suala la gigahezi 5 hata kidogo. Kuna mnara wa FM karibu, na redio za FM hupiga kati ya megahezi 87.5 na 108, kwa nguvu ya kutosha kuingia kwenye kebo ya data. Kebo isiyo na ngao inakuwa antena. Tumevuta yenye ngao, tumeiunga kwenye nondo ya ardhi, imekwisha.

Alhamisi, 28 Machi

Jioni ya leo, saa moja usiku, jenereta ya jirani inanguruma na dishi lake linafanya kazi. Gudele: mawimbi -57, kelele -89. Tofauti 32. Megabiti zilizokuwa 18 saa kama hizi sasa ni 90, kwa nusu ya upana wa zamani. Kator safi. Munuki safi vile vile, ingawa shule bado imefungwa na anayeitumia ni mlinzi peke yake.

Mtu wa Gulu amepanda kwetu, sisi tumepanda kwake. Tumefunga kadi ya plastiki kwenye kila mlingoti, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu cha Juba alichotuandikia dogo. Hapa naiweka kwa Kiswahili, nikihamishwa nisiitafute:

“Fundi mwenzetu. Hapa: 5745 upana 20, Gudele na Kator, imesawazishwa. 5825 upana 20, Munuki. Paa la pili: 5785 upana 40, nguvu 7. Ukifunga linki karibu, anza na nguvu ndogo na upana wa 20, upande ukihitaji tu. Usifunge antena ubavuni mwa nyingine. Usiingie 5600 hadi 5650. Namba zetu ziko nyuma ya kadi. Tafadhali tupigie kabla ya kuwasha.”